Mtoto Hapangi Foleni

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo kwenye kikao cha maafisa ustawi kijana mmoja amelisema lile ambalo wengi wetu tumekuwa tukinong'onezana: tutoke halmashauri. Barabara zilitoka mwaka 2017 zikapewa TARURA. Maji ya vijijini yakatoka 2019, yakapewa RUWASA. Kwa nini ustawi wa jamii nao usiwe wakala mmoja wa taifa, wazee, wenye ulemavu na watoto wote humo, wenye bajeti yake na magari yake, kuanzia Horohoro hadi Tunduma? Ukumbi mzima ulipiga makofi, na mimi nikiwamo.

Tumeombwa kila mmoja aandike maoni yake kabla ya mwezi kwisha. Makofi ni rahisi, kuandika ni jambo jingine. Nataka nilipekue humu kwanza.

Tulivyo sasa ni hivi. Mimi ni mtumishi wa halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Ofisi yangu iko ndani ya divisheni ya afya, ustawi na lishe, kwa hiyo mkuu wangu ni mganga mkuu wa wilaya. Lakini Kamishna wa Ustawi wa Jamii, mwenye kauli juu ya makao ya watoto na malezi ya kambo, yuko Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, iliyotenganishwa na Afya Januari 2022. Kitaifa tumehama, wilayani tumebaki. Barua ya mtoto mmoja hupita kwa mabosi wawili wasiokutana. Kijana yule hakukosea kukasirika.

Jumatano, 4 Juni

Asubuhi yote misamaha ya matibabu. Sera inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure, na anayethibitisha kwamba hana uwezo ni mimi. Wanakuja na barua za watendaji, wengine wametoka vijijini alfajiri. Siwezi kumwambia bibi aliyevimba miguu asubiri kesho.

Saa mbili mwalimu alimleta msichana wa darasa la tano, akamketisha kwenye benchi, akarudi kufundisha. Miguuni ana alama za fimbo zilizopandana, mpya juu ya kuukuu. Nilimwona. Nikamwambia, "Nakuja, mwanangu." Mbele yake palikuwa na wazee, na baada yao mama mwenye mtoto asiyetembea akitafuta barua ya kiti cha magurudumu, kisha ugomvi wa matunzo kati ya mume na mke. Nilipomfikia adhuhuri imeshapita, na pembeni yake ameketi mjomba mtu aliyekuja kumchukua. Nikamuuliza miguu imefanyaje. Akamtazama mjomba, akasema alianguka mnazini.

Nimefungua jalada, nimempigia dada wa Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na kesho nakwenda nyumbani kwao. Lakini saa mbili asubuhi alikuwa tayari kusema. Mwalimu aliniambia hivyo, kwamba njia nzima alikuwa akizungumza.

Naiandika kwa sababu ndiyo hoja yenyewe. Huduma zote zimeshaunganishwa tayari, hapa hapa mezani kwangu. Mzee anadai haki yake, mke anadai, mwenye kiti cha magurudumu ana mama wa kumsemea. Mtoto aliyepigwa na anayemlea hana wa kumsemea kwenye foleni, na kadiri foleni inavyochanganya watu ndivyo anavyosogezwa nyuma.

Jumapili, 8 Juni

Jana Idi. Mchana nimempelekea pilau mzee wetu mstaafu wa ustawi kule Makorora, hapa Tanga, mmoja wa wale wa mwanzo kusoma Kijitonyama baada ya sheria ya 1973 kuanzisha chuo cha ustawi. Nikamweleza habari ya wakala. Akanyamaza, akala tonge mbili tatu, ndipo akasema, "Mwanangu, serikali moja ya juu mpaka chini sisi tumeshafanya kazi ndani yake."

Alikuwa na maana ya Madaraka Mikoani. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa, mambo yote yakawekwa chini ya mikoa na wilaya kwa mamlaka ya serikali kuu. Nia ilikuwa kuwasogezea wananchi maendeleo. Halmashauri za miji zikarudishwa 1978, za wilaya 1984. Anasema alichokikosa miaka ile ni mtu wa hapo hapo wa kumbana. "Diwani ukimkorofisha anakujia baraza zima. Mkuu aliye mbali humkorofishi, hata jina lako halijui."

Nimerudi nikaisoma tena Sheria ya Mtoto ya 2009. Kifungu cha 94 kinaibebesha mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lake. Cha 95 kinamtaka kila mwanajamii anayejua mtoto anadhulumiwa akatoe taarifa kwa mamlaka hiyo hiyo. Waliotunga hawakuiweka halmashauri hapo kwa bahati. Taarifa zangu zote hutoka kwa watu wa halmashauri: mwalimu, muuguzi wa zahanati, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Hata simu ya 116, ambayo mtoto anaipiga bure popote alipo, ikishapokelewa, lazima atafutwe tena afisa wa wilaya aende kwenye huo mlango.

Bomba likipasuka maji yanaonekana barabarani, mhandisi wa wakala atakuja hata kama hamjui mtu. Mtoto anayeumizwa chumbani haonekani. Anaonekana kwa jirani, na jirani humwambia mtu anayemwamini, mara nyingi kwa kunong'ona, baada ya kuuliza habari za nyumbani na bei ya dagaa. Mimi wanawake wa soko la samaki la Deep Sea wananiita "mama ustawi" kwa sababu huwa nanunua samaki kwao. Nikihamishiwa wakala na kituo changu kikawa popote nchini, uaminifu huo haunifuati.

Alhamisi, 12 Juni

Mpakani. Mvulana wa miaka kumi na mitatu hivi, ameokotwa kwenye dago la wavuvi, anaparua samaki na kulala ndani ya mashua. Anasema Kidigo, bibi yake yuko Vanga, upande wa Kenya. Kwa Wadigo mpaka huu hauna maana kubwa, msiba wa Jasini huzikwa na watu wa Vanga, lakini kwa mtoto asiye na mtu mzima wa kumshika mkono ni ukuta.

Nilimpigia afisa watoto wa upande wa Kwale. Saa moja haikwisha, akanirudia: bibi kaonekana, mzee wa kijiji kathibitisha. Tumekutana Horohoro, tumekabidhiana kwa maandishi. Mtoto alipomwona bibi aliangua kilio, na bibi akamkanya kwanza kabla ya kumkumbatia.

Kenya waligawa madaraka kwa kaunti tangu 2013, lakini ulinzi wa watoto haukugawiwa. Maafisa watoto wamebaki wa serikali ya taifa, na Sheria ya Watoto ya 2022 imewaacha pale pale. Kaunti zilipewa shule za awali na sehemu za malezi ya wadogo. Kwa hiyo nilipokuwa narudi niliona kama nimepata jibu: kumbe la taifa linafanya kazi.

Usiku huu nimeliangalia vizuri zaidi. Nilichomwonea wivu ndugu yule wa Kwale si mwajiri wake. Ni kwamba asubuhi hakuwa na misamaha ya hospitali, hakuwa na ndoa za watu. Kazi yake ni watoto, basi. Ndiyo maana alipokea simu.

Jumatatu, 16 Juni

Siku ya Mtoto wa Afrika. Maandamano, ngonjera, jua kali. Watoto wa shule wamesimama saa nzima wakiwasubiri wakubwa. Siku hii ni ya wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi 1976 kwa kudai elimu, na laiti angalau mtoto mmoja leo angeachiwa kipaza sauti bila karatasi aliyoandikiwa.

Msichana wa mnazini hakuja.

Ijumaa, 20 Juni

Mahabusu ya watoto. Ziko chache nchini na Tanga tunayo moja, kwa hiyo inapokea watoto kutoka mbali. Nyumba yenyewe iko chini ya wizara. Ripoti ya ustawi ambayo mahakama inaisubiri kabla ya kuamua huandikwa na afisa wa halmashauri alikotoka mtoto. Leo kijana wa Kilindi kesi yake imeahirishwa tena: ripoti haijafika, maana kwenda kijijini kwao kuzungumza na wazazi kunataka usafiri, na usafiri hauko kwenye bajeti ya mtu yeyote. Wizara inasema ni wa halmashauri, halmashauri inasema mtoto yuko kwa wizara. Ameshtakiwa kwa kuiba simu.

Hapa lazima niseme haki: kwenye jambo kama hili kijana wa kikaoni ana hoja kabisa. Mtoto anayevuka wilaya au mkoa anahitaji fungu la fedha lisilouliza ametoka wapi. Fungu hilo liwe la taifa. Wasichana wanaoshushwa kutoka Lushoto kuja kufanya kazi za ndani mjini nao ni hivyo hivyo, wanatoka kwenye halmashauri moja wanaumizwa kwenye nyingine, na kila moja inaona ni wa mwenzie.

Jumapili, 22 Juni

Nimesoma habari za Uskoti, walikuwa na mjadala huu huu. Mwaka 2021 ripoti ya Derek Feeley ilipendekeza huduma moja ya taifa ya matunzo, ikiwaangalia watu wazima. Serikali yao ikauliza kama watoto nao waingizwe. Muswada ukaingia bungeni Juni 2022 na suala la watoto likaachwa wazi, likapewa watafiti wa Chuo Kikuu cha Strathclyde walichunguze. Halmashauri zilipinga, vyama vya wafanyakazi vilipinga, na Januari mwaka huu serikali ikauacha mpango wa chombo hicho.

Linalonigusa ni mpangilio wa maswali. Chombo kilibuniwa kwa ajili ya wazee na wagonjwa, kisha ndipo wakauliza watoto nao wamo? Na sisi kikaoni tulifanya hivyo hivyo. Tulitaja mafuta, magari, vyeo, muundo. Sikumbuki mtu aliyeanza na mtoto.

Sisi wenyewe tumeshaunganisha mambo kwa karatasi. MTAKUWWA ya 2017, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ilikusanya mipango minane ikawa mmoja, na ya pili imezinduliwa mwaka jana. Wazo lake la kamati za ulinzi nalipenda kwa dhati: mtendaji, polisi, mwalimu, muuguzi, shehe na mchungaji meza moja. Ya kata ninayoisimamia, ilipokutana, ilimtoa binti wa kidato cha pili kwenye posa ndani ya siku mbili. Hukutana pakipatikana nauli.

Alhamisi, 26 Juni

Nimekwenda kwa msichana wa mnazini, mara hii bila gari la ofisi na bila polisi, kwa bodaboda, nimevaa baibui langu la kila siku. Mjomba hayupo, yuko baharini. Nimekaa na shangazi tukichambua mchicha. Msichana akatoka, akakaa nasi, akachambua. Tulipokaribia kumaliza akasema, bila kuulizwa, ni nani na ni kwa waya gani.

Jioni hii amelala kwa familia ya kuaminika, mtaa mwingine. Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyeipata, kwa simu mbili tu, maana anazijua nyumba zake. Mjomba atakaporudi atakuta wito wa polisi.

Jumatatu, 30 Juni

Maoni nimeyapeleka leo, karatasi moja. Nimeandika kwamba siungi mkono watoto kuingizwa kwenye wakala mmoja wa taifa pamoja na huduma nyingine zote za ustawi. Afisa abaki halmashauri, chini ya kifungu cha 94, mahali diwani na jirani wanapomfikia. Lakini kila halmashauri iwe na angalau afisa mmoja wa watoto tu, asiyepangiwa misamaha wala ndoa, mwenye chumba chenye mlango unaofungwa. Taifa lishike mambo matatu: fungu la usafiri wa mtoto anayevuka mipaka, daftari moja la majalada ili mtoto wa Kilindi asianze upya akifika Tanga, na bosi mmoja wa kitaaluma badala ya wawili.

Kijana wa kikaoni amenipigia, kasikia nilivyoandika, ameudhika. Nimemwambia aje Jumatano saa mbili asubuhi akae na mimi mezani hadi adhuhuri, halafu tubishane. Amekubali kuja.