Usiitupe Lenzi Kuukuu, Huenda Bado Ina Kazi Mbinguni

Mpenzi msomaji, leo baada ya chakula cha mchana, hebu teremsha lile sanduku lililo juu ya kabati. Chini ya vyeti vya kuzaliwa na saa zilizosimama, huenda ukakuta kamera ya filamu. Nyumba nyingi za mjini zina moja. Ilikuwa ya baba, au ya mjomba aliyekuwa mpiga picha, na tangu kila mtu apate simu yenye kamera hakuna aliyeishughulikia. Nakusihi usimpe mnunuzi wa vyuma vikuukuu kabla hujanisikiliza.

Mimi si mtaalamu wa falaki. Nina diploma ya uandishi wa habari, na hesabu niliagana nazo kidato cha nne. Hata hivyo, Januari moja nilikaa siku nne Kilelengwani, kijiji cha delta ya Mto Tana katika eneo la Garsen, na nikashuhudia lenzi iliyopiga picha za vipande na za harusi ikipiga picha za nyota. Tangu siku hiyo siwezi kuona kamera ya zamani ikigeuzwa kuwa mwanasesere nikanyamaza.

Yamkini jina la Kilelengwani ulilisikia kwa mara ya kwanza katika habari za huzuni. Mnamo Septemba 10, 2012, wakati wa mapigano ya Waorma na Wapokomo juu ya malisho, maji na mashamba, kijiji hicho kilivamiwa. Watu 38 waliuawa, wakiwemo maafisa 9 wa polisi, na nyumba zikateketezwa. Ukifika huko leo, usisahau hilo. Utaona baadaye kwa nini ninakukumbusha.

Dada yangu ni mwalimu sehemu hizo. Mwanawe, aliyekuwa kidato cha tatu wakati huo, alikuwa amepatwa na homa ya nyota. Rafiki yangu mmoja wa chuo kikuu alitukopesha kamera ya falaki, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Kamera ya falaki, msomaji, haifanani na kamera uijuayo. Ni kama kopo dogo la duara. Haina kioo cha kutazamia wala kitufe cha kubonyeza. Mbele ina tundu, nyuma ina waya wa kuunganisha na kompyuta. Ndani mna kihisio, yaani kile kijibamba kinachopokea mwanga mahali pa filamu. Haina lenzi kwa sababu imekusudiwa kufungwa nyuma ya darubini.

Nasi darubini hatukuwa nayo. Na hata tungekuwa nayo, isingetufaa sana kwa kile kijana alichokitaka. Alitaka kupiga Kilimia, lile kundi la nyota ambalo wakulima na mabaharia wa pwani wamelitumia tangu zamani kujua majira. Wazee husema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kundi hilo lina upana wa digrii 2 hivi, sawa na miezi minne iliyopangwa kwa mstari. Kihisio chetu kilikuwa na upana wa milimita 5.6 tu. Ukikifunga nyuma ya darubini ya milimita 1,000, kitaona thuluthi ya digrii, ambayo haitoshi hata kuumeza mwezi mzima. Ukikifunga nyuma ya lenzi ya kamera ya milimita 58, kitaona digrii 5 na nusu, na Kilimia chote kitaingia na nafasi kubaki.

Lenzi ya milimita 58 tulikuwa nayo katika ukoo. Mjomba wangu alikuwa mpiga picha Garsen kwa miaka mingi, akitumia Zenit, kamera ya Kirusi iliyokuja na lenzi ya Helios. Aliwapiga Waorma, Wapokomo na maafisa wa serikali waliohamishiwa huko. Baada ya moto wa mwaka wa 2012, wapo waliomwendea kuuliza kama bado ana negativu za jamaa zao, kwa kuwa picha zao zote ziliteketea pamoja na nyumba. Baadhi alizipata. Sasa macho yake yamefifia na kamera imelala katika kopo la maziwa ya unga, pamoja na mfuko wa kukausha unyevu, maana hewa ya pwani huotesha kuvu ndani ya vioo.

Nilipomwomba lenzi, hakuuliza habari za nyota. Aliuliza, "Mtaikata?"

"Hapana, mjomba. Hata mkwaruzo hautapata."

"Na mtairudisha?"

"Tutairudisha."

Swali lake la kwanza ndilo la maana kwa yeyote atakayejaribu kazi hii. Huna haja ya kuikata lenzi wala kuipiga tupa. Kinachotengenezwa ni adapta, yaani bomba fupi la kuunganisha. Ukimaliza, lenzi inarudi kwenye kamera yake ikiwa salama.

Siri ya adapta ni moja tu, nayo ni umbali. Kila lenzi ya kamera imeundwa ikae umbali maalumu kutoka kwenye filamu. Lenzi za Nikon za kamera za filamu zinahitaji milimita 46.5 kutoka kwenye kikalio chao hadi filamu. Za Canon aina ya EF ni milimita 44. Zile za kuzungusha kama skrubu, kama ya mjomba, ni milimita 45.46. Kamera yetu ya falaki nayo ina shimo lake: kutoka mdomoni hadi kwenye kihisio ni milimita 12.5. Toa hiyo katika 45.46, zinabaki 32.96. Huo ndio urefu wa bomba.

Lakini subiri kwanza. Kihisio cha falaki huona hata mwanga ulio nje ya uwezo wa macho yetu, ule wa upande wa joto, na lenzi za zamani hazikuundwa kuukusanya mahali pamoja na mwanga wa kawaida. Usipouzuia, kila nyota itavimba kama iliyolowa maji. Kwa hiyo tuliweka kioo cha kuuchuja, chenye unene wa milimita 2. Kioo huusogeza mwanga nyuma kwa kiasi cha thuluthi ya unene wake, hivyo bomba nalo likahitaji kuongezwa milimita 0.7 hivi. Jumla ikawa karibu 33.6.

Utaniuliza, je, sehemu za kumi za milimita zina uzito gani? Mimi pia niliuliza, na mpwa wangu akanifanyia hesabu kwa kijiti ardhini. Bomba likizidi kwa nusu milimita tu, lenzi ile haitaweza kuona wazi kitu chochote kilicho mbali zaidi ya mita 7. Fikiria hilo! Utaona vizuri mlango wa jirani, lakini mwezi utakuwa tope la mwanga na nyota hutazipata kabisa. Bomba likipungua kidogo, pete ya lenzi yaweza kufidia. Kwa hiyo mafundi husema afadhali lipungue kuliko kuzidi, na kilichopungua utakijaza kwa vipete vyembamba.

Kulikuwa na mtego mwingine. Mdomo wa kamera ya falaki una upana wa milimita 42, na mkia wa lenzi ya mjomba una upana uo huo wa milimita 42. Ukiviona utadhani vimezaliwa pamoja. Mpwa wangu alivikutanisha, vikazunguka kidogo vikakwama. Sababu ni hesi, ile mistari ya skrubu. Ya lenzi imeachana kwa milimita 1, na ya kamera kwa milimita 0.75. Ukilazimisha, utaharibu vyote viwili. Fundi mmoja wa mashine ya kukereza mjini Mombasa alitukerezea bomba la alumini lenye hesi ya aina moja upande huu na ya aina nyingine upande ule, urefu wake milimita 33.5. Alilipima mara tatu kwa kalipa, kisha akacheka alipoambiwa ni la kutazamia nyota. Kazi zake nyingi, alisema, huwa za pampu za maji.

Tulilijaribu mchana kwa kuelekeza lenzi kwenye mti wa mbali, kamwe si kwenye jua, maana jua litachoma kihisio na macho yako. Picha ikawa wazi. Mpwa wangu akataka kuingia porini usiku uo huo, mbali na taa zote.

Hapo mzee mmoja wa kijiji akatukataza. "Binti yangu," aliniambia kwa upole, "hapa kwetu taa usiyoijua, usiku, nje ya kijiji, si jambo dogo. Watu hawatauliza ni nyota gani mnatafuta."

Sikuwa na jibu. Vijana tuliokuwa nao walikuwa watoto wadogo mwaka ule wa 2012. Wamelelewa wakijua kwamba giza likiingia, mtoto huingia ndani na mlango hufungwa. Mbingu ambayo wanafunzi wa Nairobi hawaioni kwa sababu ya taa za barabarani, wao hawakuitazama kwa sababu nyingine.

Tulikwenda kwa chifu tukaeleza. Wazee wakapewa habari, na majirani wakaambiwa nyumba kwa nyumba. Ikakubaliwa tuweke kamera uani kwa dada yangu, katikati ya kijiji, na anayetaka kuja aje. Kioo cha kompyuta tulikifunika kwa leso nyekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu hauyasumbui sana macho yaliyozoea giza.

Walikuja zaidi ya watu ishirini, wenye viti na wenye mikeka. Akina mama walileta chai, na mbu nao hawakukosa.

Stendi ya kufuata nyota hatukuwa nayo. Stendi hizo hulengwa kwa Nyota ya Kaskazini, na Kilelengwani, iliyo digrii 2 na kidogo kusini mwa ikweta, nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Dunia inavyozunguka, kwa lenzi yetu nyota ilihama kijimraba kimoja cha picha kwa muda wa kama sekunde 0.7. Basi tukapiga picha fupi za sekunde 1, mia tatu, na kompyuta ikazipanga moja juu ya nyingine kama chapati hadi zikawa picha moja. Tundu la lenzi tulilibana kutoka f/2 hadi f/4 ili nyota za pembeni zisiote mabawa. Pete ya lenzi ilitulia kabla kidogo ya alama ya nane iliyolala, kama hesabu ilivyosema.

Kwa macho, watu wengi huhesabu nyota sita za Kilimia. Picha ilipotokea, mama mmoja mzee alianza kuhesabu kwa kidole, akafika thelathini akaacha. Mpwa wangu akamweleza kwamba kundi hilo lina nyota zaidi ya 1,000, na kwamba mwanga wake umesafiri miaka 440 hivi. Ulitoka huko karibu na siku zile Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus, mwaka wa 1593. Yule mzee aliyetukataza alikaa nasi hadi saa sita za usiku. Watoto hawakutaka kuingia ndani, na usiku huo hakuna aliyewalazimisha.

Usidhani huu ni mchezo wa maskini aliyekosa darubini. Huko Sutherland, Afrika Kusini, mradi wa WASP ulianza mwaka wa 2006 kutumia lenzi nane za kamera, za Canon za milimita 200, zilizofungwa kwenye kamera za falaki. Mradi huo, pamoja na mwenzake wa La Palma, umegundua sayari zaidi ya 100 zinazozunguka nyota nyingine. Pieter van Dokkum na Roberto Abraham nao walikusanya lenzi za Canon za milimita 400 huko New Mexico, Marekani, na mwaka wa 2015 wakatangaza galaksi 47 hafifu mno ambazo darubini kubwa zilikuwa zimezipita bila kuzitambua. Pwani yetu yenyewe si mgeni katika mambo haya. Mnamo Desemba 12, 1970, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, Ngomeni, karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru, kwa sababu ya siku hiyo.

Basi, mzazi unayesoma ukurasa huu, mwanao akikuomba kamera ya babu, usimfukuze. Mwambie aiangalie lenzi dhidi ya mwanga kama ina kuvu. Aandike jina lake, atafute umbali wake, apime kwa kalipa, atoe na kujumlisha, kisha aende kwa fundi akiwa na namba mkononi. Hata asipopata kamera ya falaki mwaka huu, atakuwa amejifunza fizikia iliyo na kazi. Na likizo ikifika, mpeleke mahali penye giza, lakini kwanza ongea na wenyeji wa mahali hapo, kwa maana giza lao wanalijua wao.

Lenzi ya mjomba tulimrudishia. Aliipapasa mzingo mzima kwa kidole gumba akitafuta mkwaruzo, akaukosa, akaifunga tena kwenye Zenit yake. Kisha akauliza ni lini tutaitaka tena.