Nilitafuta Ufukwe Usio na Watu

Nimezaliwa Muleba, upande wa Kamachumu. Asubuhi isiyo na ukungu tulipanda kilima nyuma ya kwetu tukaliona Ziwa Victoria limetanda huko chini mpaka macho yachoke. Pamoja na hayo nilifikisha miaka 30 bila kulijua ziwa lile. Nalitaja hili kwanza kwa sababu makosa yangu mengine yote yalianzia hapo.

Usiku wa Mei 20, 1996, baba mdogo alipanda MV Bukoba pale Kemondo, safari ya Mwanza. Asubuhi ya tarehe 21, wakiwa wamekaribia kufika, meli ilipinduka na watu zaidi ya 800 wakafa. Yeye hakupatikana. Nilikuwa na miaka 11. Tangu siku ile mama akatukataza kugusa maji ya ziwa, nasi tukatii. Wenzetu wa Kemondo walikua wakiogelea, mimi nikakua nikiliona ziwa kwa mbali tu. Simlaumu mama hata kidogo. Woga wake ulikuwa na sababu. Nilipokuwa mtu mzima ni mimi mwenyewe niliyeugeuza woga ule ukawa dharau. Nikawa nasema ziwa ni la wavuvi, ziwa linanuka dagaa, na kwamba mtu anayetaka ufukwe wa kweli aende Zanzibar.

Mwaka 2015 nilikuwa na kazi Dar es Salaam na ndoa changa. Nilikopa kwenye kikundi chetu nikampeleka mke wangu Paje, mashariki ya Unguja. Kila niliyempigia simu kuulizia pa kufikia nilimpa sharti moja: nataka ufukwe usio na watu. Habari za maji sikuuliza.

Tukafika siku za bamvua. Kwa ambaye hajakaa pwani, hizo ni siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana, kinyume cha maji mafu. Tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa hufika karibu mita 4. Saa nne asubuhi tulifungua mlango, bahari haipo. Ilikuwa imerudi hadi kule kwenye mwamba mawimbi yanakovunjikia, ikaacha uwanda mpana wa mchanga na vidimbwi. Kwenye uwanda ule walikuwamo akina mama, kanga zimefungwa kiunoni, wameinama juu ya safu za vijiti na kamba, wanavuna mwani. Nikaenda kwa mwenyeji wetu nikalalamika kwamba wale wanawake wanaharibu picha zetu.

Najua maneno hayo yanavyosikika leo. Niliyasema, tena bila aibu.

Mmoja wao, mtu mzima, alipita karibu yetu na gunia lake kichwani, maji ya chumvi yakimchirizika shingoni. Akatusalimia, akasema, “Mwanangu, leo bamvua, maji yatarudi alasiri. Ukitaka ya kuogea tangu asubuhi, nendeni Kendwa, au ngojeni maji mafu.” Nilimwitikia kwa kichwa tu, nikaendelea kupiga picha. Alichonipa bure ndicho hasa nilichopaswa kukiuliza kwenye zile simu za wiki nzima.

Desemba 2018 tulikwenda kwetu Kagera kwa Krismasi, safari hii tukiwa na mtoto wetu wa miaka 4. Ilikuwa Jumapili ya nne ya Majilio. Wote nyumbani walikwenda ibadani. Mimi nilimdanganya mama kwamba tunakwenda mjini kununua vitu, nikaichukua familia yangu hadi Bukoba, nikakodi boti kwenda Kisiwa cha Musira. Kisiwa hicho kiko mbele ya mji, karibu kiasi kwamba ukisimama ufukweni unaliona jabali lake vizuri. Nilimwambia mwenye boti atupeleke mbali na kijiji na mbali na harufu ya dagaa wanaoanikwa, mahali pasipo na mtu.

Akanitazama. “Bosi, kule huwa watu hawaogi.”

Ndugu msomaji, nilisikia nilichotaka kusikia, kwamba pako wazi. Sikumwuliza kwa nini hawaogi.

Alitushusha kwenye kighuba kidogo cha mchanga, matete upande mmoja, maji yametulia kama ya kwenye beseni, kisha akaondoka akiahidi kurudi saa kumi. Tulikula ndizi na senene wa kukaanga aliowafunga mama yangu. Nilijiona mtu aliyefanikiwa. Mtoto alicheza saa nzima kwenye yale maji tulivu karibu na matete, na mimi nikamsifu.

Ilipofika saa nane hivi upepo ukaanza kutoka ziwa kubwa. Haukuwa upepo wa kutisha, ila mawimbi yalianza kuingia kighubani moja baada ya jingine, na mtoto, ambaye alikuwa amesogea hatua chache tu, akapoteza chini. Nikakimbilia majini na nguo zangu. Nikamfikia, nikamshika mkono. Mke wangu alikuwa amempaka mafuta asubuhi. Wimbi lilipokuja ule mkono uliteleza ukatoka kwenye mkono wangu, kidole baada ya kidole, na hatua iliyofuata na mimi sikuona chini tena. Sijui kuogelea. Nilikumbuka hilo nikiwa tayari nameza maji.

Kilichotokea baadaye sikustahili. Usiku ule mwezi ulikuwa mpevu, na wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi, maana taa zao hazivuti dagaa penye mwanga. Kwa sababu hiyo mvuvi mmoja alikuwa juu ya kile kighuba akikata matete, saa ambazo siku nyingine angekuwa amelala kwa kazi ya usiku. Akasikia mke wangu akipiga yowe. Akashuka mbio, akaingia, akamtoa mtoto kwanza, kisha akanirudia mimi. Alinivuta nikiwa nimeng’ang’ania shati lake kwa mikono miwili, uso wangu umebanwa mgongoni kwake. Shati lile lilinuka dagaa.

Tulipokwisha kutapika maji na mtoto kulia, yule ndugu alikaa kwenye mchanga akavuta pumzi, kisha akazungumza bila ukali wowote. “Kaka, asubuhi ziwa linalala, mchana linaamka. Na hapa chini pana shimo.” Akaonyesha matete. “Na pale palipotulia ndipo penye kichocho. Mkirudi mumpeleke mtoto akapimwe.” Nikatoa noti zilizolowa mfukoni. Hakuzipokea. Alimbeba mtoto begani akatupitisha njia ya juu hadi kijijini, kule nilikokataa kushukia, na akina mama waliokuwa wakianika dagaa wakaacha kazi yao wakamvua nguo mbichi, wakamfunga kanga, wakampa uji. Mmoja alimvisha mke wangu sweta lake.

Ningependa kukuambia kwamba nilibadilika siku ile. Haikuwa hivyo. Mama nilimficha. Kazini Dar nilisimulia habari ya wimbi, nikaruka habari ya mwenye boti aliyenionya. Na mtoto sikumpeleka kupimwa, kwa kuwa alionekana mzima.

Mwezi Machi akaanza kulalamika tumbo, kisha nikaona damu kwenye choo chake. Daktari aliuliza swali moja ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: ameoga wapi? Vipimo vikaonyesha mayai ya kichocho. Akanieleza polepole: vijidudu hutoka kwenye konokono wanaopenda maji yaliyotulia na yenye majani, hupenya kwenye ngozi bila mtu kuhisi, na minyoo huchukua wiki kadhaa kukomaa ndipo mayai yaonekane. Mtoto alipimwa uzito, akapewa vidonge vya prazikwanteli kwa kadiri ya kilo zake. Leo ni mzima.

Ni pale kwenye benchi la hospitali, nikimsubiri ameze vidonge, nilipoyaona mambo yangu. Mara tatu niliambiwa. Mama wa mwani aliniambia, mwenye boti aliniambia, mvuvi aliniambia. Wote watatu walikuwa watu ambao nililipa pesa ili wasiwe karibu yangu. Nililia, na sikulia kwa ajili ya mtoto peke yake.

Jioni ile nilimpigia mama nikamweleza yote tangu ule uongo wa Jumapili. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akauliza, “Huyo aliyewatoa anaitwa nani?”

Sikujua. Sikuwa nimemwuliza.

Desemba 2019 nilirudi Musira kwa ajili ya jina lile. Yule ndugu alikuwa ameshahama. Wavuvi hufuata samaki, na yeye alikuwa amekwenda kambini Goziba, kisiwa cha Muleba kilicho mbali kule ziwani. Nimetoka Muleba na sijawahi kukanyaga Goziba. Jirani zake walinitajia jina lake na kunipa namba yake, na mama yangu humtaja kwenye sala kila jioni. Tulipozungumza kwa simu alicheka, akauliza kama mtoto alipimwa. Nilimwambia ukweli.

Siku hizi nikifika penye maji, iwe ziwa au bahari, naanza na watu. Namtafuta anayeanika dagaa au kushona nyavu, namsalimu, namuuliza watoto wa hapa wanaoga wapi na saa ngapi, upepo unaanza lini, penye shimo ni wapi. Bukoba mvua kubwa ikinyesha naambiwa nikae mbali na mdomo wa Mto Kanoni, nami nakaa. Tulirudi Paje mwaka 2021. Yule mama sikumwona, lakini nilimwuliza mwenzake habari za maji kabla hata ya kushusha mizigo, na tukaoga alasiri pamoja na watoto wa kijiji waliokuwa wamemaliza kucheza mpira. Mimi mwenyewe nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka 35, nikifundishwa na kijana wa miaka 16. Na kichocho bado kipo hata penye watu, kwa hiyo kila tukitoka ziwani, wiki zikipita, tunakwenda kupima.

Mara ya mwisho Musira tulishukia mwaloni, katikati ya boti, nyavu na kelele. Mama yangu alikuja nasi. Alikaa juu ya kiroba, miguu mbali na maji, karibu na mwanamke aliyekuwa akigeuza dagaa kwenye jua. Watoto kama kumi na watano walikuwa majini, wangu akiwa katikati yao. Kila baada ya kugeuza safu moja, yule mwanamke aliinua kichwa, akayatazama maji, midomo yake ikicheza kidogo. Alikuwa anahesabu vichwa. Baadaye nikaona midomo ya mama nayo inacheza.