Gazi, pwani tulivu aliyoahidiwa mama

Msomaji mpendwa, je, kwenu kuna mzee ambaye hajawahi kuiona bahari? Usicheke. Kwetu Gakindu, katika vilima vya Mukurweini huko Nyeri, wazee wa aina hiyo ni wengi. Wanayajua maji ya mto Gura yaumayo mifupa kwa baridi, na Mlima Kenya wanauona kila asubuhi isiyo na mawingu, lakini bahari wameisikia tu redioni. Mamangu alikuwa mmoja wao. Marehemu baba alipakua shehena bandarini Kilindini kwa miaka mingi, na kila Desemba alipokuja likizo alimwahidi mkewe kuwa mwaka ujao atampeleka Pwani. Baba aliaga dunia mwaka wa 1998, ahadi ikiwa bado ni ya mwaka ujao.

Basi Desemba iliyopita, mama akiwa na umri wa miaka 79, tulifunga safari. Sikutaka kumpeleka Diani penye mahoteli na kelele za pikipiki. Nilitaka mahali ambapo mzee anaweza kuketi kivulini bila kuuziwa shanga kila dakika. Mwenzangu mmoja kazini akanitajia Gazi, kijiji cha wavuvi kilicho yapata kilomita 50 kusini mwa Mombasa, kwenye barabara ya kuelekea Lunga Lunga.

Ukitoka milimani, njia ni hii: matatu hadi Nairobi, kisha gari moshi la Madaraka hadi Miritini, ambalo limekuwa likifanya safari hiyo tangu 2017. Hapo vuka feri ya Likoni, upande matatu ya kusini, na baada ya kupita Ukunda umwambie utingo akushushe Gazi. Pale kwenye feri mama alinishika mkono kwa nguvu hata kucha zikaniacha alama. Wajukuu wake walicheka sana. Mimi sikucheka.

Kutoka barabarani hadi kijijini ni mwendo mfupi chini ya minazi. Nyumba nyingi ni za udongo na makuti, nyingine za mawe ya matumbawe, na watoto watakuamkia kabla hujawaamkia wewe. Usidanganyike na utulivu huo, kwani kijiji hiki kina historia nzito. Hapa ndipo alipoishi Mbaruk bin Rashid, wa ukoo wa Mazrui walioitawala Mombasa hadi 1837, na nyumba yake baadaye iligeuzwa kuwa shule. Mwaka wa 1895 alipambana na Waingereza kote katika pwani hii. Aprili 1896, alipozidiwa, alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani, na akafia Dar es Salaam mwaka wa 1910.

Ukitaka kuiona Gazi vyema, amka alfajiri. Madau na mitumbwi huanza kurejea, na wanawake wa kukaanga samaki, ambao huku huitwa mama karanga, huwa tayari wamesimama ufuoni na beseni zao. Bei hupatanwa kwa maneno machache tu. Tulipofika ilikuwa bamvua, maji yakapwa mpaka ghuba ikabaki mchanga na majani ya bahari, na watoto wangu wakatembea mbali sana wakiokota kome. Uliza wenyeji wakati wa maji kujaa kabla hujafanya hivyo. Maji hurudi upesi kuliko unavyodhani, na hayapigi honi.

Kina mama wa kijiji wamejenga daraja la mbao linalopita katikati ya msitu wa mikoko, nao ndio wanaowatembeza wageni. Aliyetutembeza alimwita mama "bibi" na kumshika mkono mwendo wote. Alitueleza kwamba katika miaka ya 1970 mikoko ya hapa ilikatwa ovyo kuwa kuni za viwandani, ufuo ukabaki uchi, na samaki wachanga wanaojificha katika mizizi wakakosa makao. Mwaka wa 1991 watafiti wa taasisi ya serikali ya bahari na uvuvi walianza kuipanda upya pamoja na wenyeji. Kisha mwaka wa 2013 ukaja mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Wanahifadhi hektari 117, na makampuni na watu wa ng'ambo huwalipa kwa ile hewa chafu ambayo mikoko huifyonza. Fedha hizo zimeleta maji ya mfereji na vitabu vya shule. Ulikuwa mradi wa kwanza wa namna hiyo duniani kwa upande wa mikoko.

Mama alisikiliza kimya. Yeye mwenyewe ujanani alipanda miche pamoja na kina mama wa Wangari Maathai, binti wa Ihithe kule kwetu, aliyeanzisha vuguvugu lake 1977. Ghafla akauliza, "Na hii nani huimwagilia maji?" Mwenyeji wetu akaangua kicheko. Akachukua tunda la mkoko, refu na jembamba kama kalamu, akalichomeka matopeni. "Bahari yenyewe, bibi. Mara mbili kwa siku." Mama akaomba tunda jingine, akavua viatu, akashuka matopeni kulichomeka kwa mkono wake. Nilimwona akilikandamizia udongo vile vile anavyofanya na mche wa kahawa.

Mchana tuliandaliwa wali wa nazi na tafi wa kukaanga. Kwa wazee wa kwetu samaki ni jamaa ya nyoka, kwa hivyo nilijua vita vinakuja. Mama alikula wali wote, akala mchicha, na samaki akaonja kipande cha ukubwa wa ukucha. "Hana ubaya," alisema, akasukuma sahani kwa mjukuu.

Jioni, maji yalipojaa, alitaka twende ufuoni sisi wawili tu. Aliingia mpaka magotini akiwa amekunja leso, akachovya kidole, akakilamba. Alisimama hapo kitambo. "Babako hakunidanganya," akasema. "Aliniandikia kuwa ni chumvi tupu, nikamjibu aache kunifanya mtoto."

Kisha akatoa mkobani chupa ya plastiki aliyoibeba kutoka Gakindu, akaijaza, akaifunga kwa makini. Nilidhani ni ya kuwaonyesha majirani. Kumbe alitaka kuimwaga kaburini kwa baba. Tulipofika nyumbani alikwenda nayo hadi pale shambani, akasita, akaniuliza kama chumvi ile haitaua mikahawa iliyo karibu. Nikamwambia labda amwage kidogo tu. Akamwaga kifuniko kimoja. Iliyobaki iko juu ya kabati, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa.