Besi Isiyo na Mkwaruzo

Nimekuwa kimya hapa wiki kadhaa, mniwie radhi. Masomo, baridi, na hili nitakalowasimulia.

Kama mnavyojua, niko Kalamazoo, mji wa jimbo la Michigan, Marekani. Kwa miaka mingi hapa ndipo palipokuwa na kiwanda cha magitaa cha Gibson. Kazi ilihamishiwa Nashville, kiwanda kikafungwa mwaka 1984, na mwaka uliofuata baadhi ya mafundi waliobaki wakaanzisha kampuni yao, Heritage, ndani ya jengo lile lile. Kwa hiyo hapa si ajabu kusikia kwamba bibi jirani yako ana gitaa chumbani.

Bibi huyo amefiwa na mumewe, na anauza vitu ahamie kwa mwanawe. Nilipomwambia kwamba baba yangu alikuwa mpiga besi Dar es Salaam, aliniita ndani, akavuta kasha kutoka chini ya kitanda.

Jamani! Gibson EB-2 ya mwaka 1967. Kahawia pembeni, ikifunguka kuwa ya manjano katikati. Hakuna mkwaruzo hata mmoja.

Niwaeleze kidogo kwa wasioijua. Gibson walianza kuitengeneza mwaka 1958. Ukiitazama utadhani ni gitaa la kawaida lenye tumbo tupu, maana ina matundu mawili marefu kama ya fidla. Lakini katikati, kutoka shingoni hadi chini, kuna gogo la mti lililopita ndani. Pembeni ni uwazi, katikati ni mti mtupu. Ule uwazi unaipa sauti joto. Lile gogo linashika nyuzi zisipoteze sauti haraka, na linapunguza ule mlio mbaya wa amplifaya tunaoujua sote kumbini. Halafu ni fupi: urefu wa nyuzi zake ni kama sentimita 77, wakati besi za Fender tulizozoea zina 86.

Bibi akasema mumewe aliinunua mpya, akaipiga kanisani miezi michache, kisha kazi na watoto vikamzidi. Akawa anaifuta vumbi kila Jumamosi na kuirudisha kitandani. Anataka dola 2,900.

Nilikuwa nazo. Ni akiba yangu ya miaka miwili. Na sababu ya kuitamani ilikuwa moja tu.

Baba alipiga besi miaka kumi na saba katika bendi ya shirika moja la umma. Siku zile ndivyo ilivyokuwa: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki ilikuwa ya kiwanda cha nguo, na kadhalika. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na akiondoka anaondoka na nguo zake. Shirika la kina baba lilipoyumba, vyombo vilifungiwa stoo. Baba alirudi nyumbani akiwa na cheti cha utumishi na vidole vyenye sugu. Hajawahi kumiliki besi. Mimi nimekua namwona akipiga meza ya chakula kwa vidole viwili, mama akimwambia aache, chai inamwagika.

Sasa mwanawe yuko kwenye mji uliotengeneza besi. Mngefanyaje?

Nikampigia simu pale pale. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, kuna nini saa hizi?" Kule ilikuwa usiku. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hebu niisikie."

Bibi alikuwa na amplifaya ndogo. Nikaweka simu karibu, nikavuta uzi mnene kabisa. Chumba kikatetemeka, vikombe kabatini vikalia.

"Sisikii kitu," akasema baba.

Nikavuta tena. Hakuna. Bila shaka: uzi ule ukiwa wazi hutikisika mara 41 tu kwa sekunde, na spika ya simu iliyo ndogo kama kucha haiwezi kuutoa mtikisiko huo. Nikamweleza hivyo. Akaniuliza, "Haina swichi ya kupunguza uzito?" Nikaona kitufe karibu na vile vya sauti. Kinaitwa baritoni, kazi yake ni kuikonda sauti ile nene. Nikakibonyeza, nikavuta nyuzi zote nne moja moja.

"Aah! Uzi wa pili umelegea," akasema. "Kaza. Kaza tena. Basi."

Alinifanya nizikaze zote, kutoka Temeke, usiku. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Nadhani tangu mumewe alipoacha kupiga hakuwahi kuisikia ikiwa na sauti sawa.

Kisha baba akauliza bei. Nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, hiyo imeshazoea kulala. Ukiniletea mimi nitaogopa kuigusa, nitaiweka chini ya kitanda kama huyo mzee. Kwa hela hiyo bendi nzima inapata vyombo."

Sikununua. Nilimsaidia bibi kuipiga picha, na wiki mbili baadaye ikachukuliwa na kijana mmoja wa hapa mwenye bendi. Nilifurahi kwamba ni mpigaji.

Desemba nilikwenda nyumbani na besi mpya ya dola 350, fupi kama ile kwa sababu vidole vya baba vinamsumbua. Aliipokea bila maneno mengi. Aliangalia kila upande, akauliza risiti iko wapi, akaikunja na kuiweka kwenye pochi. Bado iko mle.

Jana kaniandikia ujumbe. Anafundisha vijana wawili wa mtaani. Anasema bakoli ya mkanda wake imeshaikwaruza besi mgongoni, nisikasirike.