Rafiki wa Kupangiwa

Kijana wa Idaho amehamishwa. Nimeambiwa mlangoni na mwenzake aliyebaki, kwa sauti ya mtu anayekujulisha kuwa basi la saa mbili limeshapita. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuongea nasi kama binadamu, akaacha kusoma yale ya kwenye mwongozo. Sasa yuko mji mwingine na mtu mwingine asiyemjua, na mimi nimekasirika jioni nzima kana kwamba wamehamisha mtoto wangu.

Tunaoishi Ulaya tunawajua hawa vijana wa Kimormoni: shati jeupe, tai, kibao cheusi kifuani, wawili wawili mvuani. Hapa Preston wana historia ambayo majirani zangu Waingereza wenyewe hawaijui. Wamishonari wao wa kwanza nchini Uingereza walifika mji huu mwaka 1837, na tarehe 30 Julai mwaka huo wakabatiza watu tisa mtoni Ribble, pale chini ya bustani ya Avenham. Inasimuliwa kwamba waumini walishindana mbio kuelekea mtoni, kila mmoja akitaka awe wa kwanza, na George Watt akawashinda wote. Leo katika mji huohuo hata mlango haufunguliwi. Kengele za siku hizi zina kamera. Mwenye nyumba yuko zake kazini Manchester, anakujibu kupitia simu, "Hapana, asante," nawe umesimama unaiombea heri plastiki iliyo ukutani.

Kwetu mhubiri hafungiwi mlango kwa sababu hauhitaji. Pale stendi ya Moshi anakuletea spika hadi dirishani mwa basi, na utaokoka au utasafiri na kichwa kinauma, chagua. Akija nyumbani ndiyo kabisa: atakaribishwa, atapewa kiti na chai, atasikilizwa hadi amalize, kisha jumuiya itaendelea na rozari. Mama nilipomsimulia habari za hawa watoto wanaogonga milango kutwa nzima, hakuuliza wanahubiri nini. Aliuliza, "Wamekula?"

Wamekula, Mama, ila chai hawanywi. Wala kahawa. Mke wangu ilimchukua muda kuzoea wageni wanaokataa chai ndani ya nyumba ya Wachaga. Tukahamia juisi ya maembe.

Ila kinachonikera mimi ni ule utaratibu wa urafiki. Vijana wa kiume wanatumikia miaka 2, mabinti miezi 18, na muda wote huo hutakiwi kuwa peke yako ila bafuni. Mwenzako hukumchagua. Kiongozi wa misheni ndiye anayewapanga, na kila baada ya wiki 6 hivi unakuja ujumbe: unabaki au unafungasha. Mnaamka pamoja saa 12:30 asubuhi, mnasoma pamoja, mnasali pamoja, mnafungiwa milango pamoja. Kuzungumza na wazazi kila wiki kumeruhusiwa tangu Februari 2019. Kabla ya hapo ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama, basi. Na gharama ni za kwao wenyewe na familia zao. Mimi Jeshi la Kujenga Taifa nimepita, lakini kule angalau ungeweza kutoroka ukavute pumzi nyuma ya bwalo.

Siku moja mwenzake alikuwa mezani anamsaidia binti yangu hesabu za sehemu. Wa Idaho akasogeza kiti, akashusha sauti: "Kaka, unajua habari za 1978?" Namjua mtu anayebeba kitu. Nikamwambia najua, kanisa lenu lilikuwa haliwapi weusi ukuhani hadi Juni mwaka huo. Mke wangu aliyasoma hayo kwenye simu kabla hamjavua viatu. Akacheka, kisha akainama. Swali hilo lilimnyima usingizi. Nikamuuliza kwa nini asimwambie mwenzake. Akasema huyo ndiye mtu pekee aliye naye, akimtia shaka atabaki na nani?

Nikamkumbuka mjomba wangu. Alitoka seminari kuu akiwa kwenye falsafa, na wilaya nzima ya Rombo ilijua kabla hajashuka kwenye Hiace. Kigango kilikuwa kimemchangia, bibi alikuwa ameshaanza kumwekea mbuzi wa upadrisho. Wakasema mwanamke. Wakasema karogwa. Jumuiya ikaja kumwombea bila kualikwa, na paroko akaja akanywa mbege hadi jioni bila kulitaja jambo lenyewe. Hadi leo hakuna aliyemuuliza anaamini nini, na hilo nalo linaniudhi, tusijisifu. Lakini aliosoma nao bado wanakuja kila Krismasi, wengine na kola zao, wengine na wake na watoto, wanakaa chini ya migomba wakibishana hadi usiku wa manane. Hao walikaa naye miaka, na hakuna aliyewatenganisha kabla hawajajuana.

Wa Idaho baba yake alitumikia, babu yake alitumikia, picha ziko ukutani sebuleni. Akirudi kabla ya muda atakutana na maswali kanisani kila Jumapili, na watauliza kwa upole, jambo ambalo naona ni baya zaidi. Sisi angalau tunasema karogwa, inaisha.

Basi huyu aliyebaki, kijana wa Tonga, mkubwa kama kabati, alisita mlangoni baada ya kutoa taarifa yake. Mwenzake mpya alikuwa bado anafunga baiskeli. Akaniambia haraka haraka, "Yeye alikuwa anasali muda mrefu sana usiku. Nilidhani mwenye shaka ni mimi tu."

Walilala chumba kimoja! Vitanda viwili, hatua mbili katikati. Mnisamehe wenye kanisa lenu, najua mna sababu zenu za kuhamisha watu, lakini kukaa wawili namna hiyo ni ulinzi, bado si urafiki.

Mkiwaona, msiwafungie. Si lazima msikilize somo. Waulizeni kwao kukoje. Jumatatu ndiyo siku yao ya kufua na kupumzika, na wakialikwa kucheza mpira wanakuja. Chai msisumbuke nayo.