Foki ya Kaboni

Mjukuu wangu ni mshindani wa mbio za baiskeli. Aliniomba nimchangie fedha za foki ya kaboni, aing'oe ya chuma inayoshika gurudumu lake la mbele. Alikuwa ameona moja iliyokwisha tumika, bei nafuu. Hoja yake ilikuwa na uzito: ya chuma huweza kukaribia kilo moja, ya kaboni mara nyingi haifiki nusu kilo.

Nami, niliyezoea kufundisha walimu, nilimpa kazi kwanza. Akapime shina lake: ni milimita 28.6, au 25.4 za baiskeli za zamani? Breki ni za kubana rimu au za diski? Tairi lake litaenea? Ncha zimesogea mbele kiasi kilekile, usukani usibadilike tabia? Alirudi na majibu yote.

Swali moja tu muuzaji hakulijibu: je, foki hiyo iliwahi kuanguka? Chuma kikigongwa sana aghalabu hupinda, nawe ukakiona. Kaboni huweza kupasuka ndani huku rangi ikimeremeta, kisha ikakatika ghafla. Kikulacho ki nguoni mwako. Na kijana huyu huteremka kwa kasi kutoka Limuru hadi Mai Mahiu.

"Lakini Babu, ni nusu ya bei!"

"Basi tuingoje nusu ya pili," nilimjibu.

Tulingoja miezi minne, tukanunua mpya. Fedha hutafutwa, msomaji wangu. Shingo haina duka la vipuri.