Majina Niliyoyafuta

Nikiwa kwenye mafunzo kazini hapa Kigali, niliagizwa kupunguza uzito wa programu kubwa ya C++. Nikaendesha amri ya strip, faili ikasinyaa. Nikasifiwa, kichwa kikavimba.

Nilichokiondoa ni simboli: majina na namba za mistari zinazoiunganisha programu iliyojengwa na maandishi ya aliyeiandika. Mashine haizihitaji, binadamu huzihitaji siku ya ajali.

Siku hiyo haikukawia. Programu ilizimika usiku kwa mteja, ikaacha picha ya kumbukumbu yake. Niliifungua kwa GDB nikakuta anwani tupu na alama za kuuliza. Ni kama kumwagiza dereva wa taksi-moto aende Kimironko huku vibao vyote vya KG vimeng'olewa. Nikaijenga upya nikiwa na simboli, lakini anwani hazikulingana: maandishi yalishabadilika, wala hatukuwa tumeandika ni toleo lipi lililopelekwa.

Sasa, kabla ya strip, ninatumia objcopy kuweka simboli katika faili ya pembeni, yenye kitambulisho kilekile cha programu. Mteja hupata faili nyepesi, majina hubaki kwetu.

Chanzo cha ajali ile sijakijua mpaka leo.